Tovuti ya Bure na Zamu ya Mzee Zenon

Mwaka ule kila aliyekuwa na laptopu mjini Sumbawanga alijiita mkurugenzi. Palikuwa na mkurugenzi wa mapambo ya harusi, mkurugenzi wa vifaranga, na mkurugenzi mmoja wa ushauri ambaye hakuna aliyejua anashauri nini, ila mhuri alikuwa nao. Zamani mtu akiitwa mkurugenzi ulijua kuna kitu anakiendesha, na kikianguka unajua nyumba ya kwenda kuuliza.

Mzee Zenon wa Mpui hakuwahi kuwa mkurugenzi wa chochote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika. Shule aliishia darasa la nne kwa mapadri. Yaliyobaki alijisomea mwenyewe, kwa masomo ya posta, kwa magazeti ya kufungia sukari, na kwa kamusi moja ya Kiingereza iliyoanzia herufi C, kwa hiyo mambo ya A na B aliyapata kwa kukisia.

Soko huria lilipokuja, ushirika ulikufa bila matanga. Mahindi ya msimu wa mwisho yalikaa ghalani miezi mitano, kwa sababu ufunguo alikuwa nao mtu wa makao makuu, na makao makuu yalikuwa yamehamia mahali ambako barua hazijibiwi. Wenye mahindi walikuja kusimama nje ya ukuta. Ukitega sikio ulisikia dumuzi wakitafuna ndani, sauti kama ya mvua nyepesi juu ya bati. Zenon alisimama nao, na mizani yake ikiwa mle mle ndani. Siku hizi ghala lile ni ukumbi wa video, na mahali pa mizani pamewekwa meza ya kukatia tiketi.

Tangu mwaka ule Zenon akawa mtu wa kuandika. Kila alichoogopa kwamba kitafungiwa na kuliwa, alikiandika. Alikuwa na madaftari tisa. Saba kati ya hayo yalihusu jambo moja tu: ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyapandisha mvua zinapokaribia kuisha, majani yakilazwa chini na udongo wenye mizizi ukipinduliwa juu yake, ili yaoze ndani na kuwa mbolea. Juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unalisambaza tuta na kumwaga ulezi. Mama yake, Gaudiosa, alijulikana kijiji kizima kwa ntumba zake. Zilikaa kwa mistari iliyonyooka, na hakuna aliyemwona na kamba.

Yote haya yangebaki madaftarini kama si Obed.

Obed alikuwa mtoto wa Kristiana, dada yake Zenon, na alikuwa mtaalamu wa mawasiliano wa mradi mmoja wa kilimo uliokuja na magari mawili meupe na fulana nyingi. Alikuwa kijana mwenye heshima zake, isipokuwa alivaa viatu vyenye ncha ndefu kiasi kwamba vilifika mahali kabla yake. Siku moja mwezi wa Februari alimkuta mjomba wake stendi ya Sumbawanga, akamvuta mkono hadi duka la intaneti la Debora.

"Shikamoo, mjomba. Njoo uone, mama yuko duniani."

"Marahaba. Nimemwacha nyumbani anachambua maharage. Ulidhani yuko wapi?"

Kwenye kioo cha kompyuta, kweli, alikuwepo Kristiana. Alisimama kati ya ntumba zake, jembe begani, uso umekunjwa kwa jua. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza: "Mkulima wa Mpui akionyesha kwa furaha matuta ya mviringo, mbinu mpya aliyofundishwa na mradi."

Zenon alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno hayakubadilika.

"Nani kamfundisha?"

"Mradi, mjomba."

"Mradi una umri gani?"

"Tunaingia mwaka wa tatu."

"Mama yako ana miaka sitini na moja. Alianza kulaza majani akiwa na miaka saba, nyuma ya bibi yako Gaudiosa. Na hiyo furaha, mmemfundisha nyinyi pia?"

Obed alicheka kidogo, kicheko cha ofisini. "Mjomba, hayo ni maneno ya tovuti tu. Wafadhili wanapenda mbinu mpya. Ukiandika ya zamani watauliza, sasa nyinyi mlikwenda kufanya nini?"

"Ni swali zuri."

"Ndiyo hivyo, watathmini wenyewe wanakuja baada ya Pasaka. Wakiridhika tunapata awamu ya pili. Wanasoma tovuti kwanza, halafu ndiyo wanakwenda shambani."

Wanasoma tovuti kwanza. Zenon alirudi Mpui na maneno hayo kifuani. Mama yake alikuwa amelala makaburi ya parokia tangu mwaka wa njaa, na msalaba wake wa mti ulikuwa umeoza. Kitu pekee cha Gaudiosa kilichobaki juu ya ardhi kilikuwa ile mistari ya ntumba katika shamba la Kristiana, na sasa hiyo nayo ilikuwa imepata mwenyewe, mwenye magari mawili. Watathmini wangesoma, wangeamini, wangeandika ripoti, na ripoti ikishapigwa mhuri hakuna mkono wa maiti unaoweza kuifuta. Zenon akaamua. Kama watu wa kuja wanasoma tovuti kwanza, basi wakute na ya kwake.

Obed alipoambiwa alifurahi sana. Hakuuliza itaandikwa nini. Mtaalamu wa kweli hasumbuliwi na mambo madogo kama hayo.

"Nitakuwekea mtambo wa maana, mjomba. Ule tunaotumia ofisini. Una moduli themanini."

Wakakaa kwa Debora, Obed akafungua mtambo. Palikuwa na kalenda ya matukio, kura ya maoni, kaunta ya kuhesabu wageni na picha zinazoteleza zenyewe kutoka kushoto kwenda kulia.

"Kwanza tuweke dira na dhamira," Obed alisema. "Dhamira yako ni nini?"

"Sina dhamira. Nina madaftari tisa."

"Tovuti bila dira haionekani siriasi. Tuandike hivi: kuwa kitovu cha umahiri cha maarifa asilia ifikapo mwaka elfu mbili ishirini."

"Mwaka huo nitakuwa na miaka sabini na saba. Kitovu changu wakati huo kitakuwa kinatafuta jiko la kuotea moto. Niambie, maneno yanaingilia wapi?"

"Maneno yapi?"

"Ya ndani ya madaftari."

Obed alifungua menyu, akafungua menyu nyingine iliyokuwa ndani yake, akakuna kidevu. Ilimchukua robo saa kupata mahali pa kuandikia. Palikuwa chini ya vichwa vinne, kama mtu anayewakwepa polisi. Simu yake ikaita, akasema ana kikao cha wadau, akaondoka na viatu vyake.

Debora alikuwa amesikia yote. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kirando ziwani, aliyekuja mjini kuuza dagaa na akaishia na kompyuta sita na jenereta. Hakujiita mkurugenzi. Juu ya mlango wake paliandikwa "Debora: Intaneti, Fotokopi, Dagaa."

"Mzee wangu," alisema, "huo mtambo ni lori la tani kumi, na wewe unabeba debe moja. Ziko programu nyingine za kuendeshea tovuti, ndogo, na ni za bure. Njoo Alhamisi, sina wateja wengi."

Zenon akaja Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata. Alizichunguza zile programu kama alivyozoea kuchunguza jembe kabla halijatiwa mpini. Alikuwa na maswali matatu ameyaandika nyuma ya bahasha. Nitaweza kuishika kwa mikono yangu mwenyewe? Ikivunjika, nani ataifua upya? Na la mwisho alilipigia mistari miwili: mlango wa kutokea uko wapi?

Ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sura. Hukuhitaji kujenga chochote. Unajiandikisha, unapewa chumba, unaanza kuandika. Zenon aliandika ukurasa mzima juu ya namna ya kuchagua majani, akajisikia kijana.

"Sasa nataka kuhama," alimwambia Debora. "Nitoe mzigo wangu."

"Mbona ndiyo kwanza umeingia?"

"Mwenye akili huuliza mlango kabla hajaingiza gunia."

Debora akatafuta. Mlango haukuwepo. Ungeweza kuyanakili maneno ukurasa mmoja mmoja, kwa mkono, kama mtu anayehamisha ghala kwa kikombe. Kutoa mzigo wote kwa pamoja, hapana. Zenon akafunga daftari.

"Ghala hili nalijua," alisema. "Nimeshawahi kusimama nje yake, nikisikiliza."

Ya pili, ndogo kuliko zote, haikuwa na urembo. Haikuwa na kalenda wala kaunta. Kila ukurasa wa tovuti ulikuwa faili moja la maandishi matupu ambalo hata kompyuta mbovu kuliko zote za Debora ililifungua. Tovuti nzima iliweza kunakiliwa kwenye flashi. Pa kuiweka hapakuwa shida, kwani Debora alikuwa na nafasi aliyokodi kwa ajili ya tovuti ya kwaya yao, akamkatia mzee kipande. Kisha alichomoa flashi, akaiweka kiganjani mwa Zenon.

"Tovuti yako yote, ikijaa madaftari tisa, itakaa humu. Kwaya ikifukuzwa, wewe unaondoka na chako mfukoni."

Yule karani wa mizani aliinua kiganja mara mbili, akakishusha.

"Haina uzito," alisema, kwa mashaka. "Na aliyeitengeneza ni nani?"

"Si mtu mmoja. Ni watu wa nchi kumi na moja, hata hawajuani kwa sura. Kila mtu anatengeneza kipande chake jioni akitoka kazini. Hawalipwi."

"Hawalipwi."

"Hawalipwi. Ni ya bure, mzee wangu. Unachukua tu."

Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Mtu mwingine angesikia neno bure akafungua mfuko. Zenon alikulia katika nchi nyingine, ingawa ilikuwa papo hapo Mpui. Enzi za Gaudiosa, hakuna aliyepandisha ntumba peke yake. Mwenye shamba alichachusha pombe ya ulezi, akaalika, na asubuhi yake majembe thelathini yakaja. Hakuna aliyelipwa. Lakini kila aliyekuja kwako ulikwenda kwake, siku kwa siku, jembe kwa jembe, na hesabu yake haikuandikwa popote kwa sababu kila mtu alikuwa nayo kichwani. Aliyekunywa pombe za watu na zamu yake asiitoe hakupelekwa barazani. Alisalimiwa tu kwa kifupi. Ufipa, ambako salamu nzuri huanza na hali ya watoto na kuisha na hali ya mbuzi, kusalimiwa kwa kifupi ni adhabu iliyowahamisha watu vijiji.

Kwa hiyo watu wa nchi kumi na moja walikuwa wamelima. Na yeye hakuwa ameenda shambani kwao hata siku moja.

"Siwezi kuichukua," alisema, akairudisha flashi mezani. "Mpaka nitoe zamu."

"Mzee wangu, watu wanapakua tu. Maelfu."

"Ndiyo maana dunia imekuwa hivi. Niandikie barua kwao. Waambie mzee wa Mpui anauliza zamu yake ni lini, na shamba ni lipi."

Debora alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Zilikuwa zimebaki wiki nne kufika Pasaka, ukurasa wa mradi uko hewani na picha ya Kristiana, na huyu mzee amesusia programu kwa sababu watengenezaji wake hajawalimia. Habari ilimfikia Obed, akapiga simu kutoka kwenye warsha Mbeya, akicheka mpaka akakohoa.

"Mjomba, hao ni Wazungu. Huko hakuna zamu."

"Umewauliza?"

"Sasa nitawaulizaje?"

"Basi ngoja mimi niwaulize."

Barua ikaandikwa kwa Kiingereza cha masomo ya posta, ikawekwa kwenye baraza la watengenezaji huko mtandaoni. Zenon alianza na salamu: hali zao, za watoto wao, za mifugo kama wanayo. Kisha akaeleza kazi ya kualikana, akaomba radhi kwamba kwa umri wake hana nguvu za kuchimba sana, ila mkono wake wa kuandika ni imara.

Jibu lilikuja siku ya nne. Mtu mmoja wa mbali, aliyekuwa mkuu wa zamu kwa namna ambayo Debora hakuweza kuieleza, alisema kwamba miaka sita hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Mbuzi hana, ana paka. Na kama mzee yuko tayari, programu haina Kiswahili. Maneno yote ya vitufe na maonyo ni mistari mia tatu na kumi na miwili, iko kwenye faili moja. Basi hilo ndilo shamba.

Zenon alilisoma jibu mara tatu. Aliposimama alikuwa mrefu kidogo kuliko alivyoingia.

Debora akamchapia karatasi kumi na moja, naye akaenda kulima. Alikaa sebuleni kwa Kristiana, kwa sababu kulikuwa na meza, na kwa sababu Kristiana alikuwa mtu wa kubishana naye. Walikwenda vizuri mpaka walipofika mstari wa arobaini na tatu.

"Wanasema hapa, kitu kimeharibika," Zenon alisoma. "Hivyo tu. Kimeharibika. Nani amekiharibu?"

"Mashine haijui, kaka. Andika kama walivyoandika."

"Siandiki. Ndiyo maneno tuliyoambiwa siku ya ghala. Mambo yameharibika. Hakuna mtu aliyeharibu, mambo yenyewe tu yaliamka asubuhi yakaharibika."

"Kwa hiyo utaandika nini?"

"Kuna aliyekosea."

"Mtu akisoma atadhani ni yeye."

"Ajichunguze."

Kristiana aliweka chini ungo. "Weka na pole mbele. Pole, kuna aliyekosea. Usimtie mtu hofu halafu umwache hivyo hivyo, kama daktari wa zahanati."

Pole ikawekwa. Kwa wiki tatu walikwenda hivyo, mstari kwa mstari. Mwishoni faili liliuliza jina la mfasiri, na Zenon akakumbuka desturi: aliyekuja shambani kwa jembe la mwingine huulizwa jembe ni la nani. Akaandika: "Maneno ya Kiswahili ni zamu ya Zenon wa Mpui, aliyefundishwa ntumba na mama yake Gaudiosa." Debora akalituma. Watu wa nchi kumi na moja wakalipokea, na programu ikapata toleo jipya. Kwa utaratibu wao, jina la mfasiri hutokea chini ya kila ukurasa unaotumia lugha yake.

Alhamisi Kuu, Zenon alichukua flashi bila aibu. Ukurasa wake wa kwanza uliitwa "Gaudiosa". Ulieleza majani, udongo, miezi, na wanawake waliokuwa wakilima naye kwa majina. Haukuwa na dira.

Sasa, ofisini kwa mradi walikuwa na yao. Watathmini walikuwa wameandika kuuliza kwa nini tovuti ya wakulima wa Rukwa iko kwa Kiingereza kitupu. Obed alipewa siku tano aibadilishe. Ule mtambo wa moduli themanini ulimshinda. Akatafuta programu ndogo, ya bure, yenye Kiswahili tayari. Ilikuwepo moja. Akaipakua, akahamisha kurasa zote, akamwonyesha bosi wake, akapongezwa kwa ubunifu.

Jumatatu ya Pasaka alifika Mpui kwa pikipiki, viatu vikiwa na vumbi.

"Shikamoo, mjomba. Jina lako limeingia kwenye tovuti yetu."

"Marahaba. Limeingiaje?"

"Sijui. Liko chini ya kila ukurasa. Kurasa arobaini na mbili. Juu tumeandika mbinu mpya iliyofundishwa na mradi, chini yake pameandikwa umefundishwa na bibi. Mjomba, watathmini wanakuja keshokutwa. Litoe."

"Umetafuta mwenyewe?"

"Nimetafuta menyu zote."

"Haliko kwenye menyu. Liko kwenye faili. Programu umeipata wapi?"

"Nimepakua. Ni ya bure."

"Umelima siku ngapi?"

Obed alimgeukia mama yake. Kristiana alikuwa ameegemea mlango, mikono imefungwa kifuani, na ilionekana hakuwa na haraka ya kumwokoa mtu.

"Mjomba, nina kazi ofisini."

"Mimi nimetoa wiki tatu. Wewe nakuomba siku moja, tena kwa mama yako mzazi. Kesho asubuhi ntumba kumi, nami nakuonyesha faili na mstari. Ukitaka kufuta utafuta kwa mkono wako."

Alikuja. Asubuhi ilikuwa na umande mzito na upepo ule wa Ufipa unaoingia kwenye mikono ya shati. Obed alivua saa, akamkabidhi mjomba wake kamera ya mradi isije ikaingia udongo, akashika jembe kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Tuta lake la kwanza lilikuwa na majani juu na udongo chini. Kristiana alilipiga teke, likaanguka.

"Umelipa blanketi, godoro umelisahau. Majani ndani. Bibi yako angekuona angekwenda kunywa maji kwa jirani."

"Mama, si nimeandika makala tatu kuhusu haya mambo."

"Basi chukua hizo makala uzilaze chini, labda zitaoza vizuri."

Tuta la nne lilisimama. Alipotaka kuanza la tano, Kristiana alilaza mpini wa jembe chini kutoka tuta hadi tuta, akachora alama kwa kisigino. Zenon hakuwahi kupiga picha maishani, lakini kamera ile ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa, na mtu aliyezungusha mizani miaka ishirini na miwili hashindwi na kitufe. Alimpata Obed ameinama, suruali ya kitambaa imejaa tope hadi magotini, na Kristiana juu yake akimwelekeza kwa kidole. Jioni kabla jua halijazama aliomba picha ile iwe kumbukumbu ya familia, na Obed, hoi bin taabani, akaihamishia mwenyewe, kwa laptopu yake, kwenye flashi ya mjomba.

Zenon akatimiza ahadi. Akamwandikia kwenye karatasi jina la faili na mstari wa mia tatu na kumi na mbili. Obed akatazama viganja vyake. Kulikuwa na malengelenge sita, mawili yamepasuka.

"Nitalifuta kesho," alisema. "Vidole vinauma."

Kesho yake watathmini walifika. Kabla ya kwenda Mpui walisimama kwa Debora kutuma barua pepe. Debora hakuwa mtu wa siasa, lakini zile kompyuta zilikuwa zake, na asubuhi ile zote sita zilikuwa zimepangwa zifungue kwanza ukurasa wa Gaudiosa. Chini kabisa palikuwa na picha mpya, iliyofika na flashi ya Zenon kwa basi la alfajiri, na maelezo: "Mtaalamu wa mradi akifundishwa mbinu mpya na mkulima Kristiana."

Shambani, mtathmini mmoja, mama mwenye miwani kutoka Dodoma, alimsikiliza Obed kwa upole hadi mwisho. Kisha akamuuliza Kristiana nani alimfundisha.

Wiki iliyotangulia Kristiana alikuwa amepewa fulana na jibu la kusema. Fulana alikuwa ameivaa.

"Mama yangu," alisema. "Huyu kijana ndiye nimemfundisha mimi. Ana siku moja tu, msimcheke."

Hawakumcheka. Wakaandika. Walioandika waliondoka na magari, na baada ya miezi miwili mradi ukapata awamu ya pili, kwa kuwa tangu soko huria lije sijasikia mradi uliokosa awamu ya pili kwa sababu ya ukweli. Lakini yale maneno chini ya picha yalibadilishwa. Zenon aliyasoma kwa Debora, Obed akiwa amesimama pembeni.

"Mbinu ya asili ya Wafipa, iliyoboreshwa na mradi," alisoma. "Imeboreshwa wapi?"

"Nafasi, mjomba. Tumeweka mita moja kati ya tuta na tuta."

"Na zamani ilikuwa ngapi?"

Obed alijikuna shingo. "Mita moja."

"Sasa?"

"Sasa imepimwa."

Zenon aliteremsha ukurasa hadi chini. Jina la Gaudiosa lilikuwepo bado, katika ukurasa ule na nyingine arobaini na moja. Vidole vya Obed vilikuwa vimepona tangu Mei.

Mzee akachomeka flashi yake kwenye kompyuta ya pembeni, akafungua faili la mama yake, akashuka hadi kwenye mistari ya ntumba, akaongeza sentensi moja kwa kidole kimoja, taratibu: "Mama alipima kwa mpini wa jembe, na mpini huo uko kwa Kristiana, mwenye mashaka aje na rula."

Akahifadhi. Akachomoa flashi, akaitia mfukoni, akaenda kuwahi basi la Mpui.